Hivi kwa nini siku ambayo hatukufanya lolote ndiyo familia nzima inaisimulia?

#1 Tumbili Mvivu (mleta mada)
Wakuu salaam.

Tumerudi juzijuzi kutoka safari ya nje: mimi, mke wangu, watoto na mama mkwe. Ratiba niliichora mwenyewe. Kila asubuhi na jambo lake, kila jioni na jambo lake, tiketi zimekatwa mapema. Katikati ya safari siku moja ikavurugika. Mvua alfajiri, magoti ya mama mkwe yakagoma, mtoto mdogo akakataa katakata kuvaa viatu. Tukabaki ndani. Mvua ilipokatika tukatoka bila kujua tunaelekea wapi, tukaishia kwenye bustani ya mtaa ule ule. Watoto wakacheza na wenzao ambao hawaelewani nao hata neno moja. Mke wangu akasinzia kwenye benchi. Mimi nikatazama watu wakipita. Tukarudi kulala mchana, jioni tukatoka tena kidogo, siku ikaisha.

Sasa ndugu wakiwauliza watoto safari ilikuwaje, hawataji mnara wala makumbusho. Wanataja "siku ya bustani". Mke wangu naye hivyo hivyo. Mimi niliyekesha nikipanga naambiwa bora nisingepanga!

Swali langu: siri ni nini? Na je, siku ya namna hii unaweza kuipanga, au ukishaipanga umeiua?

#2 Siti ya Mbele
Nimeshakaa. Wenye ratiba za jedwali lenye rangi waje wajitetee.

#3 Bundi wa Zamu
Mkuu Tumbili, kabla hatujaingia kwenye falsafa tuanze na mwili. Mliruka kuelekea mashariki au magharibi? Saa ya ndani ya binadamu huzunguka kwa muda unaozidi kidogo saa 24, ndiyo maana kuchelewa kulala ni rahisi kuliko kuwahi. Ukienda magharibi unachelewesha, ukienda mashariki unalazimishwa kuwahi, na huko ndiko watu wanakoteseka. Kwa makadirio ya kawaida mwili hujirekebisha takriban saa moja kwa siku.

Ongeza ugeni wa kitanda. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown walionyesha kwamba usiku wa kwanza mahali pageni, upande wa kushoto wa ubongo haulali fofofo kama mwenzake. Unabaki kama mlinzi langoni. Kwa hiyo mnazunguka mjini nusu macho nusu usingizi, watoto wananuna, wazazi wanafokeana. Ikija siku moja watu wamelala wakatosheka, siku hiyo itakuwa na rangi nyingine hata mkiitumia kuangalia ukuta. Bustani haina sifa yoyote hapo. Sifa ni za mto wa kulalia.

#4 Tumbili Mvivu
@Bundi tulielekea mashariki kweli. Lakini nimesema ilikuwa katikati ya safari, usingizi ulishakaa sawa. Isitoshe nilikuwa nawaamsha mapema kila siku.

#5 Bundi wa Zamu
"Nilikuwa nawaamsha mapema kila siku." Umejijibu mwenyewe, mkuu.

#6 Mwalimu Chaki
Usingizi una sehemu yake, lakini Tumbili hakuuliza kwa nini siku ile ilikuwa nzuri. Ameuliza kwa nini inasimuliwa, na hayo ni mambo mawili. Daniel Kahneman, yule mchumi, alitenganisha nafsi inayoishi jambo na nafsi inayolikumbuka. Aliwachunguza watalii akaona kwamba wanapoikumbuka safari hawajumlishi saa zote. Wanachukua kilele na mwisho, basi. Siku ya bustani ilikuwa kilele, ndiyo maana imebaki.

#7 Kalamu Nyekundu
Mwalimu, nakuheshimu lakini hapo umechanganya mafaili.

Kahneman alikuwa mwanasaikolojia, ila Tuzo ya Nobel aliyopewa mwaka 2002 ni ya uchumi. Jaribio lake maarufu la kilele na mwisho, la mwaka 1993, halikuwa la watalii. Watu walitumbukiza mkono kwenye maji ya baridi ya nyuzi 14 kwa sekunde 60, halafu mara nyingine sekunde 60 zile zile pamoja na 30 za ziada ambazo maji yalipashwa kidogo hadi nyuzi 15. Walipoulizwa warudie lipi, wengi walichagua lile refu, yaani mateso mengi zaidi, kwa kuwa liliishia vizuri.

Kwenye likizo hasa, kuna utafiti wa New Zealand wa mwaka 2008, wa Simon Kemp na wenzake. Waliwafuatilia watu wakiwa likizoni, kisha wakapima kumbukumbu zao. Kanuni ya kilele na mwisho haikufua dafu sana. Kilichotabiri vizuri zaidi jinsi mtu anavyoikumbuka likizo nzima ni zile saa 24 zilizokumbukwa zaidi, au zilizokuwa za ajabu kuliko nyingine. Sasa mtazame Tumbili. Kila siku mnara, kila siku makumbusho. Siku iliyokuwa ya ajabu kwenye safari hiyo ni ipi? Ile isiyo na mnara. Angekaa bustanini kila siku, watoto wangekuwa wanasimulia mnara.

#8 Mwalimu Chaki
Kalamu hiyo wino wake hauishi? Hata hivyo, yako na yangu zinakwenda njia moja.

#9 Kalamu Nyekundu
Haziendi. Bustani haikuwa mwisho wa safari.

#10 Mama Mapacha
Wanaume wamejaa ubongo na maji baridi, hakuna aliyeuliza: hiyo siku ya polepole ilikuwa ya polepole kwa nani?

Nitawaambia siku ya "kutofanya lolote" kwenye nyumba ya kupanga ugenini inavyokuwa. Asubuhi mashine ya kufulia inazunguka na maandishi yake huyasomi, unabonyeza kwa kukisia. Nguo zinaanikwa kwenye migongo ya viti. Kila mtu ana njaa kwa saa yake. Mmoja anatafuta soksi, mwingine anataka dawa ya kikohozi, mwingine anauliza intaneti ina neno la siri gani. Baba amekaa kitini na kikombe anasema, "Aah, leo tumepumzika." Tumepumzika wewe na nani?

Siku za ratiba mimi ndiyo napumzika, kwa sababu kuna mtu mwenye kibendera mbele anayesema twende huku, mnakula pale, choo kile kule. Tumbili, hebu mke wako muulize vizuri kama kweli alisinzia kwenye lile benchi au alifumba macho asiulizwe kitu.

#11 Siti ya Mbele
Umepigilia msumari. Naona Tumbili yupo hewani lakini hajibu 😂

#12 Shemeji wa Mbali
Mama Mapacha asante. Kwetu tulitatua hivi: siku isiyo na ratiba haianzi mpaka nguo zimekwisha kufuliwa usiku wake, na anayefua ni yule aliyependekeza siku hiyo. Mapendekezo yamepungua sana tangu sheria ipite.

#13 Kijana Bajeti
Nitakuwa mbaya wa uzi huu. Sikubaliani na mleta mada wala wanaomsifu.

Familia nyingi kwenda nje ni jambo la kusubiriwa kwa miaka. Mmeacha kazi, mmevuka anga, halafu mkae kwenye bembea? Bembea zipo kila mahali. Tena "tutaona huko huko" ina hatari yake. Kwetu tulijaribu. Tukatoka mlangoni, mmoja akasema popote sawa, mwingine akasema chagueni nyie, baba akasema mimi nawafuata. Tukasimama kwenye njia ya miguu kundi zima, watu wanatupita pembeni. Mwisho dada akachagua, mahali pakawa pabaya, lawama zote zikamwangukia. Jioni hakuna aliyeongea na mwenzake. Siku isiyo na ratiba inataka familia isiyozidisha adabu.

#14 Mzee wa Stempu
Vijana, hamjambo. Mimi nina jibu la tatu, na halihusu ubongo wala soksi.

Ratiba za wengi wetu hazianzi nyumbani. Zinaanzia dirisha la ubalozi. Mwenye pasipoti inayohitaji viza hupanga safari kwa ajili ya ofisa kwanza, familia baadaye. Ukiomba ya Schengen (zile nchi za Ulaya zenye viza moja) unatakiwa kuonyesha malazi, bima, uwezo wa kujikimu na sababu ya safari. Unaomba kwa nchi utakayokaa muda mrefu zaidi, na ikiwa hakuna inayozidi, kwa ile utakayoingia kwanza. Kwa hiyo unakaa mezani unaandika: tarehe hii mji huu, tarehe ile mji ule. Karatasi ikishagongwa, inageuka deni rohoni. Unazunguka mji wa watu ukijiona unatekeleza kiapo.

Siku Tumbili aliyokaa bustanini ni siku familia yake ilipoacha kuwa waombaji. Walikaa pale kama wakazi. Hakuna aliyewauliza wanafanya nini hapo na wataondoka lini. Utamu wake mimi naujua, na anayeingia nchi yoyote kwa kuonyesha jalada la pasipoti tu hawezi kuujua sawasawa.

#15 Tumbili Mvivu
Mzee wa Stempu shikamoo. Hii sikuwa nimeifikiria kabisa. Nilikuwa natembea na lile faili la nakala kwenye mkoba safari nzima, na siku ile tu ndiyo niliuacha mkoba chumbani.

@Mama Mapacha nimemuuliza. Amecheka, hajajibu.

#16 Mama Mapacha
Amejibu.

#17 Pazia Jekundu
Samahani natoka nje ya mada kidogo. @Mzee wa Stempu, kwani ukishapewa viza kwa ratiba uliyoandika, ukibadilisha siku moja ukakaa tu, si ni kosa?

#18 Mzee wa Stempu
Marahaba Tumbili.

@Pazia hapana, mwanangu. Kulala mchana hakujapigwa marufuku. Cha kuangalia ni mambo makubwa: usizidishe muda uliopewa (kwa Schengen ukomo ni siku 90 ndani ya siku 180 zozote, na viza yako inaweza kuwa imeandikwa chache zaidi), na usiombe kwa nchi moja ukaishia kukaa nyingine safari nzima. Mpakani ofisa ana haki ya kukuuliza unakwenda wapi na utajikimu vipi, hivyo karatasi ziwe karibu. Ila bustani ni yako.

#19 Ndizi Mbivu Hazingoji
Sisi siku yetu ya namna hiyo ilitokana na mlango kufungwa. Tumefika makumbusho kubwa, familia imevaa vizuri, kumbe siku hiyo hawafungui. Tukakaa ngazi za mtoni. Watoto wakahesabu boti mpaka jua linazama. Mpaka leo ukisema makumbusho wanauliza, "Ile iliyofungwa?"

#20 Siti ya Mbele
Bila shaka hiyo ni Louvre, Jumatatu. Hufungwa Jumatatu.

#21 Kalamu Nyekundu
Louvre hufungwa Jumanne. Jumatatu ni makumbusho ya Orsay, ng'ambo ya mto. Anayekwenda Paris na familia aandike hilo mkononi.

#22 Siti ya Mbele
Mimi nilikuja kutazama tu, mbona napigwa?

#23 Bundi wa Zamu
Tukiwa hapo hapo kwenye makumbusho: uchovu wake si uvivu wa watoto wenu. Mwaka 1916 Benjamin Ives Gilman wa Makumbusho ya Sanaa ya Boston aliandika juu ya uchovu huo, akaweka picha za mtu anayejikunja, kuchuchumaa na kunyoosha shingo ili aone vitu vilivyo kwenye makabati ya vioo. Hoja yake ni kwamba vitu vimepangwa kwa namna inayomchosha mtazamaji. Na huyo alikuwa mtu mzima. Mtoto wa kimo cha kiuno chako anaona nini? Matako ya wageni. Halafu unamlaumu hakumbuki mchoro.

Tena niongeze moja linalomgusa Kijana Bajeti. Kuna utafiti wa Uholanzi uliotoka mwaka 2010, wa Jeroen Nawijn na wenzake, kwa watu wazima 1,530. Wanaosubiri likizo walikuwa na furaha kuliko wasio nayo. Baada ya kurudi, kwa ujumla hapakuwa na tofauti kati ya walioenda na waliobaki. Walioendelea kuwa na furaha zaidi, kwa muda, ni wale waliosema likizo yao ilikuwa ya kupumzika sana. Siyo waliosema ilikuwa ya kupumzika tu. Sana.

#24 Kijana Bajeti
Bundi, hiyo inasema kupanga ndiko kuna furaha, kwa kuwa wanaosubiri ndio walifurahi. Kwa hiyo Tumbili alifaidi miezi yote ya kuchora ratiba, familia ikafaidi siku moja ya kuivunja. Kila mtu na fungu lake. Kesi imefungwa.

#25 Bundi wa Zamu
Haijafungwa, ila umenichekesha.

#26 Binti wa Mwisho
Hamjambo wakubwa, shikamooni wote. Mimi ndiye nilikuwa mtoto kwenye safari za aina hiyo, nina la kusema.

Baba yangu ni mtu wa ratiba kama mleta mada. Siku moja ratiba ilikufa (nadhani treni ziligoma, nilikuwa mdogo) na baba akanipa ufunguo wa nyumba tuliyopanga, akasema leo wewe ndiye kiongozi, kila kona utasema kulia au kushoto. Nikawazungusha mpaka tukatokea tulikoanzia. Mama alijua, kaka alijua, hakuna aliyenikatiza. Siukumbuki mji ule una sifa gani. Nakumbuka uzito wa ule ufunguo mfukoni, na kwamba baba hakutazama saa.

Kwa hiyo wakuu, labda watoto wa Tumbili hawasimulii bustani. Wanamsimulia yeye, amekaa, hana haraka.

#27 Mwalimu Chaki
Binti ametupita wote.

Hiyo ya kulia na kushoto ina historia, na Kalamu naomba utulie nimalize. Paris ya miaka ya 1950, mwandishi Mfaransa Guy Debord na wenzake walikuwa wakizurura mjini makusudi, bila shughuli wala safari maalumu, wakifuata mvuto wa mitaa yenyewe. Mwaka 1956 akaandika nadharia ya uzururaji huo. Alisema wastani wake ni siku moja.

#28 Kalamu Nyekundu
Safari hii uko sahihi. Nitaongeza tu kwamba alipendekeza vikundi vidogo vya watu wawili watatu, na akaonya kwamba wakizidi wanne au watano mambo yanaharibika. Mama mkwe na kigari cha mtoto hakuvitaja.

#29 Kijana Bajeti
Wanne au watano mambo yanaharibika! Mnaona? Nilisema toka mwanzo. Sisi tulikuwa kundi zima pale njiani.

#30 Shemeji wa Mbali
Basi gaweni kundi. Kwetu wazee hubaki karibu na maji, vijana huenda wanakojua, mkutano jioni mahali pamoja palipotajwa asubuhi. Hilo moja tu ndilo la kupanga. Na kila mtoto awe na karatasi ya anwani mfukoni, kwa lugha ya wenyeji, kwa sababu simu huzimika.

#31 Tumbili Mvivu
Habari mpya kutoka hapa nyumbani. Nimemsomea mama mkwe uzi huu. Amesikiliza mpaka mwisho, kisha akasema yeye siku anayoikumbuka ni ile ya boti, iliyokuwa kwenye ratiba. Bustani anasema ilikuwa na upepo, benchi gumu, na alikaa pale kwa kutuhurumia sisi.

#32 Mama Mapacha
😂😂😂 Mama yangu wa kambo huyo, mpeni maua yake. Wakati nyie mnapumzika alikuwa anavumilia.

#33 Kalamu Nyekundu
Hii inavunja nadharia zote zilizotajwa, pamoja na zangu. Isipokuwa tuseme kwake boti ndiyo ilikuwa ajabu.

#34 Mzee wa Stempu
Magoti yakishauma, benchi lisilo na mgongo ni adhabu. Ratiba ina viti. Ninyi mtafika huku.

#35 Pazia Jekundu
Sasa swali la pili la mleta mada halijajibiwa: inapangika au haipangiki? Mimi natarajia kusafiri na wazazi na watoto wawili wadogo, nataka jambo la kufanya.

#36 Shemeji wa Mbali
@Pazia acha siku wazi baada ya siku ya kuhama mji, usikate tiketi ya chochote siku hiyo. Usiwaambie ni siku ya kupumzika, watakuja na orodha. Nyamaza tu, asubuhi usimwamshe mtu.

#37 Bundi wa Zamu
Na isiwe siku ya kwanza baada ya kutua. Hiyo siyo siku ya polepole, hiyo ni kuzirai kwa pamoja. Siku ya kwanza watoe nje kwenye mwanga wa mchana, hata kidogo kidogo, mwanga ndio unaorekebisha saa ya mwili.

#38 Kijana Bajeti
Mimi nasema panga, na tiketi ya boti usisahau. Mama mkwe ameshinda huu uzi.

#39 Binti wa Mwisho
Tunasafiri tena mwaka huu na baba ameshatuma jedwali kwenye kundi la familia. Lina rangi. Nifanyeje?

#40 Mama Mapacha
Kubali yote, mwanangu, mshukuru kwa heshima. Ukifika huko ficha chaja yake.

#41 Siti ya Mbele
Atakuwa amechapisha nakala mbili, nawajua hao.

#42 Binti wa Mwisho
Tatu. Moja ameilaminisha.